Mstari wa Saba

Hilda alichovya buti zake kwenye beseni la dawa getini, akasaini daftari la Gaudence mlinzi, akachukua jembe. Leo ilikuwa siku ya kuvuna. Ndani ya uzio wa kituo kile cha utafiti, juu milimani kwenye baridi, kulikuwa na mistari kumi na miwili ya viazi mviringo. Sita ya kwanza ilikuwa ya viazi vya maabara, vilivyotiwa vinasaba vya kiazi-mwitu ili ugonjwa wa ukungu usivishinde. Sita iliyobaki ilikuwa viazi vyekundu vya kawaida, mbegu ileile aliyoipanda Hilda kwenye robo eka ya kukodi, ng'ambo ya uzio.

Vya Hilda vilikufa wiki tatu zilizopita. Siku ya kwanza madoa meusi, siku ya nne shamba zima linanuka. Dawa ya ukungu ilikuwa imepanda bei mara mbili, na nusu pakiti aliyobaki nayo isingetosha. Sasa mzee Sila, mwenye shamba, alikuwa ameshasema: ikifika Jumamosi hakuna mbegu ardhini, anampa mtu mwingine.

Na kila asubuhi alilazimika kuvitazama vya maabara, vimenona, havijui dawa wala homa. Mtu mzima kuonea wivu kiazi! Lakini wivu ulimkaba kweli, tena ule wa mke mwenza. Vile vilipewa vibao vyeupe na kupigwa picha. Vyekundu viliachwa makusudi bila kupuliziwa chochote, vioze, kisha majani yake meusi yahesabiwe. Mhesabuji alikuwa yeye.

Kufikia saa nne walikuwa wamechimba mistari sita, viazi vya ukubwa wa ngumi. Ludovick, mtaalamu kijana aliyekuja kutoka mjini mara mbili kwa wiki, alikuwa akichekacheka peke yake. Walipoanza wa saba akasogea karibu. Mstari huo ulikuwa wa vyekundu, lakini kwa wiki mbili ulikuwa umesimama kijani huku wenzake wakianguka. Alidhani ni bahati ya upepo. Sasa viazi vilitoka vizima, vyekundu kama vimeoshwa.

Ludovick akainama, akageuza jani. Chini kulikuwa na unga wa bluu.

"Hii ni dawa," akasema. "Gaudence! Nani kaingiza dawa humu?"

"Mimi nakagua wanaotoka, bosi. Wanaoingia sikuambiwa."

Hilda akasimamisha jembe. Angeweza kunyamaza.

"Ni mimi," akasema. "Niliikoroga kwenye chupa ya maji ya kunywa, nikanyunyizia kwa matawi. Siku ambazo hukuja."

"Mama! Unajua umefanya nini? Hivi ni vya kulinganisha. Data ya msimu mzima imeharibika!"

"Niliona wivu, daktari. Vile vyenu mnavilea kama mayai. Hivi ndivyo tunavyokula sisi, mnaviacha vife halafu mnanipa kalamu nihesabu. Nikasema basi, mstari mmoja tu nao upone."

Ludovick alijifuta uso. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimuudhi Hilda zaidi.

"Kesho usije," akasema taratibu. "Nitawaeleza nini wafadhili, sijui."

"Sawa. Ila nipe ndoo moja ya hivi. Sitaki vyenu, nataka hivi vyekundu. Nikipanda kabla ya Jumamosi, shamba silipotezi."

"Siwezi. Chochote kilichoota ndani ya uzio kinakatwakatwa na kufukiwa. Ndiyo sheria."

"Hata hivi ambavyo hamkuvigusa?"

"Hata hivyo."

"Na vile vyenu vizuri, sisi tutavipata lini?"

"Vibali, mama. Mwaka huu hapana. Mwakani sijui."

Akafungua fomu yake. Hilda akamsogelea, akaona anapiga mstari mrefu kwenye nafasi ya saba.

"Unafuta?"

"Hauwezi kuhesabiwa."

"Andika basi kwamba ulitunzwa, ukapona."

Ludovick aliigeuza karatasi, akaitazama mbele na nyuma.

"Fomu haina sehemu ya kuandika hilo."

Gaudence alileta panga na kuliweka kando ya shimo la kufukia viazi, pasipo kumtazama mtu usoni. Kibarua cha siku hiyo kilikuwa bado kinalipwa. Hilda alichuchumaa, akalichukua, akaanza kuvikatakata vyekundu, vile vikubwa kwanza.