Tundu kwenye Obi

Haya ni ya kweli tupu, na mwenye shaka aje Kyoto aulize. Asubuhi ile mjukuu wetu Honami alitaka kuvaa obi, ule mshipi mpana wa kufungia kimono, akaonane na wakwe zake. Mke wangu Tazuko alipoikunjua akakuta tundu la moto katikati. Mimi nilikaa, nikainuka, nikakaa tena.

"Tundu hilo ni la heshima," nikasema. "Zamani obi ilifungwa mbele. Bibi wa bibi yangu alikuwa jikoni, fundo likashika moto, akaligeuzia mgongoni. Mji mzima ukamwiga. Obi yenyewe ndiyo hii."

"Mzee, obi za zamani hizo zilikuwa nyembamba kama mkanda," Tazuko akasema. "Hii ni pana kama sinia."

"Ilipanuka kwa joto."

Honami alicheka huku machozi yakimlenga. Tazuko akainusa obi, kisha akaninusa mimi.

"Lete kiko."

Nikampa, pamoja na mfuko wa tumbaku. Akamfunga Honami obi, tundu likafichika ndani ya fundo, mgongoni.

"Mnaona? Bibi wa bibi yangu alijua," nikaanza.

"Na kiberiti," akasema Tazuko.

Nikatoa.