Pua ya Mkewe

"Nusa tena," alisema mpiga rangi, akimsogezea mkewe barakoa ya kazini. "Taratibu. Usinuse kama unakimbizwa."

"Unataka niinuse mpaka iishe?" Mkewe alibandika uso kwenye mpira, akavuta pumzi hadi mabega yakapanda. "Safi. Haina kitu."

Wenzake wa gereji walimwita mume huyu Upinde, ule wa mvua, kwa kuwa, waliapa, akikohoa Jumatatu makohozi hutoka mekundu na Ijumaa ya buluu. Alicheka nao. Ambacho hakumwambia yeyote ni kwamba pua yake ilikufa zamani. Ungemmwagia thina ya kuzimulia rangi kwenye sharubu, angekuuliza kama ni maji.

Na pua ndiyo kengele. Mtunza stoo aliwaeleza siku ya kwanza: "Kopo hili la mbele ya barakoa lina punje za mkaa. Kila punje ina vitundu, na vitundu vina vitundu. Ukikunjua kuta zake zote, utafunika viwanja vya mpira, refa apotee humo. Mvuke wa rangi unaingia, unajigongagonga gizani, unanasa ukutani. Kuta zikijaa, unaokuja nyuma unapita moja kwa moja hadi kifuani mwako. Ukisikia harufu, lete. Nami nitanusa, nikupe jipya. Asiyesikia harufu, simtaki chumba cha kupulizia."

"Na usiku huo mvuke unalala?" mmoja alitania.

"Unatambaa. Unahama kitundu hadi kitundu, kuelekea upande wako. Kopo zima la jana jioni huvuja asubuhi."

Ndiyo maana kila asubuhi alinusiwa na mkewe, yuleyule aliyefua ovaroli zake zenye thina tangu waoane.

"Safi kweli?" Upinde alirudia. "Maana jana nilishika ukuta. Gari moja nililiona mawili, nikapaka lile lisilokuwepo."

"Njaa hiyo, mume wangu."

"Kama limejaa, sema, niende stoo. Ila nikienda bure yule bwana atanusa, atajua sina pua. Na hapo kazi ndiyo kwaheri."

"Mimi nimekudanganya lini?"

Hakuwahi. Upinde aliinua barakoa, akaanza kujaribu mikanda yake kisogoni.

Mlango ukasukumwa kwa kiwiko. Jirani alisimama kizingitini, kabana pua kwa upindo wa nguo, machozi yakimlenga.

"Nyie watu mna nini? Chungu chenu huko uani kimeungua hadi kitako! Harufu imetutoa vitandani, nyie mnapiga soga!"

Mke aligeukia mlango uliokuwa wazi. Akafumba mdomo, akavuta pumzi kwa pua. Akavuta tena, ndefu zaidi, macho yakimtafuta mumewe.

Mikono ya Upinde ilibaki hukohuko kisogoni, imeshika mikanda, na juu ya mpira mweusi macho yake hayakupepesa.