Mazalia ya Karibuu

Felisia alikuwa akipandisha mlango wa chuma wa stoo yao, uchochoroni nyuma ya Mtaa wa Dengfeng, alipomwona mnyama amesimama katikati ya marobota. Ilikuwa asubuhi ya mwisho wa Mei, na Guangzhou ilikuwa imeshaanza kufukuta. Alikuja kufunga nguo za watoto alizonunua soko la Zhanqian, ziwahi kontena. Mnyama alikuwa kama kulungu aliyekua akapitiliza. Manyoya yake ya kijivu yalikuwa yakipukutika, na tumbo lilikuwa limeshuka.

Kabla ya biashara Felisia alikuwa muuguzi mkunga katika zahanati moja huko Biharamulo. Aliangalia tumbo kwanza, pembe baadaye. Kisha akasogeza marobota ili mgeni apate pa kulala.

Mwende alifika na mkokoteni wa maboksi ya pawabenki, betri za kuchajia simu. Yeye ni Mkamba wa Machakos, na stoo hiyo walikuwa wameikodi pamoja. Alimpiga mnyama picha, simu ikamtajia jina.

"Ni karibuu," alisoma.

Mnyama aligeuza kichwa kama aliyeitwa, maana jina lenyewe halina tofauti kubwa na neno wanalowaambia wateja kutwa nzima. Simu ilieleza pia kwamba wanaishi kaskazini ya mbali kwenye theluji, kwamba hata majike yao yana pembe, na kwamba kila mwaka hutembea safari ndefu kurudi kuzalia mahali pao palepale.

"Basi huyu amepotea njia," Mwende alisema.

Felisia alimwonyesha sakafu. Nusu ya vigae haikuwapo tena. Mahali pake palikuwa na ardhi yenye unyevu, mawe yaliyoota majani mafupi ya kijivu, na kando ya ukuta theluji iliyokuwa haijayeyuka. Stoo nzima ilikuwa ya baridi. Walivaa majaketi ya sampuli, wakaendelea na kazi.

Hadi adhuhuri majike mengine yalikuwa yamewasili. Yalikuja kwa mstari katikati ya barabara, vifundo vya miguu vikilia tik tik kwa kila hatua. Wauza simu walivuta meza zao nyuma. Thomas, mbadilisha fedha, alisimamisha pikipiki mbili za umeme ili yapite. Mwenye nyumba, ambaye wote walimwita laoban, yaani bosi, alichungulia mlangoni, akaomba wasizibe lifti, na kwa kuwa chumba kilikuwa na baridi ya kutosha, akaondoka na feni yake.

Ndama wa kwanza alizaliwa alasiri. Felisia alimpokea, akamfuta pua kwa kipande cha kitenge. Ndama alisimama, akaanguka, akasimama tena, mama yake akaanza kumramba. Ndipo chini yao ukasikika muungurumo wa mashine. Ukanda wa ile ardhi ulikatika ukingoni, umenyooka kama uliokatwa kwa kisu, na vigae vikarudi. Ndama alitoweka. Hakufa, kwa sababu anayekufa huacha mwili. Mama yake aliendelea kuramba pale alipokuwa.

Felisia alibaki amepiga magoti, mikono bado imepinda kama aliyebeba kitu.

"Nimezalisha wengi," alimwambia Mwende. "Wapo waliotoka kimya. Lakini hata hao niliwakabidhi kwa mama zao."

Siku zilizofuata walifanya walichoweza. Walinunua barafu kwa wauza samaki, wakaimwaga sakafuni. Haikusaidia. Kila mashine ilipounguruma, ukanda mwingine ulikatika na ndama mwingine akatoweka. Kwenye theluji zilijitokeza alama za matairi mapana kama mlango, ingawa hakuna gari lililoingia. Mwishowe Mwende alikaa juu ya robota, akatafuta habari kwenye simu. Huko kaskazini, alisoma, kampuni fulani ilipewa ardhi ambayo karibuu huzalia. Imepasua barabara na kuchimba mashimo. Inatafuta madini ya kutengenezea betri.

"Betri za nini?" Felisia aliuliza.

Mwende alichukua wembe, akapasua boksi lake la juu. Pawabenki zilikuwa zimepangwa vizuri, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki, na ndani ya kila mfuko mlikuwa na manyoya mabichi. Katika mfuko mmoja mlikuwa na kwato, laini na ya manjano, kama kwato za ndama ambaye hajakanyaga chini. Mwende aliitazama. Kisha, kwa mazoea, akabonyeza kitufe cha pawabenki. Taa zote zikawaka.

Alizirudisha kwa muuzaji. Yule kijana alibonyeza kitufe, akaona taa, akamwambia mei wenti, hakuna tatizo, akamrudishia mfuko na kwato yake.

Jambo moja ndilo lililowapa moyo. Pale maboksi yalipokuwa yamepangwa, ardhi haikukatika, kana kwamba kilichochimbwa kilikuwa kimerudishwa kwao. Felisia aliyazungusha yote kufanya zizi, na humo ndani alizaliwa ndama wa mwisho. Huyo alibaki. Alinyonya, akalala, akaamka, akajifunza kurukia mawe. Wanawake hao wawili walianza kula chakula chao cha mchana humo humo, migongo yao kwenye ubavu wa mama yake.

Kisha lori la kontena likaja. Wabebaji walisimama mlangoni wakisubiri.

"Yaache maboksi, mdogo wangu," Felisia alisema.

"Dada, watu wangu Nairobi stima zinapotea kila jioni. Wananingoja." Mwende alikuwa akilia, lakini sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Na zako je? Nguo zako utaziacha?"

Felisia aliyaangalia marobota yake, yaliyokuwa yaingie kontena hilo hilo. Kisha akasogea pembeni ili wabebaji wapite.

Walitoa boksi moja baada ya jingine, wakimkwepa ndama kwa adabu. La mwisho lilipoinuliwa, chini kulikuwa na vigae tu.

Majike hayakupiga kelele. Yalisubiri hadi lori likaondoka, yakajipanga, yakatoka kwa mstari kuelekea kaskazini. Simu ya Mwende ililia. Mteja alikuwa akiuliza kama anaweza kuongezewa mzigo, naye akajibu inawezekana. Felisia alisimama mlangoni, jaketi la sampuli bado mwilini, akiyatazama yakikata mtaa. Viwele vyao vilikuwa vimejaa, maziwa yakidondoka kwenye lami mpaka mwisho wa barabara, na watu wa Dengfeng wakawa wanakanyaga kwa uangalifu, wasije wakateleza.