Mikanda kwenye Trela la Wifi

"Sema tena, shemeji. Sema kwa sauti, na yule wa ghorofani asikie. Mimi sijui kufunga pikipiki?"

"Nimesema mikanda yako imeoza. Na aliyefunga alikuwa na haraka zake."

Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa trela, mikono kiunoni. Chini yake muuza nyama, jirani yetu wa mlango wa pili, shemeji wa ujirani tu, alimjibu huku ameshika usukani uliopinda wa pikipiki yake. Wapangaji tulikuwa tumejaa uani, mmoja ana sabuni kichwani. Nani angebaki ndani akose uhondo huo?

Kaka yangu alipofariki aliacha trela hilo lenye bodi iliyofungwa pande zote, na wifi akaligeuza kazi. Anasafirisha pikipiki za watu wa mashindano ya matope. Siku hiyo alimpeleka muuza nyama na pikipiki yake uwanjani, na wakati wa kurudi akapakia pikipiki mpya ya magurudumu manne ya mwenye shamba mmoja. Huyo bwana alikuwa anampima. Ikifika salama, usafirishaji wote wa shamba ni wa wifi. Sasa mlango umefunguliwa mbele yake, na pikipiki ya muuza nyama imekutwa imeilalia ile mpya kama mlevi. Tangi la ile mpya limebonyea, taa ni vipande.

"Mama," mwenye shamba alisema taratibu, simu mkononi, "acha nimtafute yule msafirishaji mwingine."

Wifi aliruka chini. Hakumjibu yeye, alimfuata muuza nyama na mkanda mkononi.

"Umesikia? Unanimwagia unga wangu mchana kweupe. Haya, vuta. Mkanda mzima, ndoano nzima. Umeoza wapi?"

Muuza nyama akauvuta. Haukukatika.

"Basi ulikaza vibaya," akasema. "Tena ulikaza kwa roho mbaya. Shokapu za mbele zilikuwa zimezama mpaka chini, springi zinateseka. Mpaka mimi mwenyewe nikazionea huruma, nikazipa nafasi kidogo..."

Akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Ukazipa nafasi wapi?" wifi aliuliza.

"Kidogo tu, shemeji."

"Nimeuliza wapi."

"Pale tulipoweka mafuta. Ulikuwa umekwenda msalani."

Nilidhani atamchapa kwa ule mkanda. Aliukunja kiganjani mpaka vidole vikabadilika rangi.

"Shokapu zinatakiwa zizame," akasema. "Zikisukuma juu, ndizo zinazoukaza mkanda. Ukilegeza, shimo la kwanza tu pikipiki inaruka, ndoano inachomoka, inaiangukia ya pembeni yake. Kisha unakuja hapa kunipaka matope mbele ya watu, na jambo umelifanya kwa mikono yako."

"Sikujua."

"Hukujua, mbona hukuniuliza? Nilikuwa msalani, sikuwa nimehama nchi."

Mke wa muuza nyama, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi anachambua mchele, akadakia: "Mwaka mzima mgongo unaniuma, hajanionea huruma. Springi ndizo zilizomtoa machozi."

Tulicheka. Wifi hakucheka. Muuza nyama alikuwa mdogo kama punje.

Mwenye shamba aliirudisha simu mfukoni. "Bwana nyama, tangi na taa tutaonana mimi na wewe. Mama, zile safari za shamba utazichukua kama tulivyopanga. Ila trela litie kufuli."

"Nitatia mawili," wifi alisema, bado amemkazia macho jirani.

Mwenye shamba alipoondoka, watu wakaanza kutawanyika shingo upande, maana hakuna aliyepigwa. Muuza nyama naye akaanza kuikokota pikipiki yake pembeni.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nimekukosea, shemeji. Kesho nitakuja tuzungumze."

"Kesho nini? Umeniita mzembe uani, umeniita mwenye roho mbaya, ukataka nilale na njaa mimi na wanangu. Moja baada ya jingine nitakujibu, leo hii hii. Hata nusu sijafika."

"Basi niseme nini?"

"Usiseme kitu. Tangu asubuhi hujatia kitu tumboni, na mtu mwenye njaa hata ukimgombeza hasikii." Akamrushia kitambaa cha kufutia grisi, akanionyesha mimi kwa kidevu. "Wifi yangu huyu ameshapakua. Nawa mikono, ingia ule."