Dumbak la Ngozi ya Mbuzi

Mie sikatai, nna kiburi. Noof huniambia kila siku, na Noof ni shoga yangu tangu tuna miaka saba, ana haki ya kusema. Lakini kiburi changu kina mahali pake. Ukiyasema mapishi yangu, nitacheka. Ukisema nimenenepa, nitakuuliza wewe mwenyewe umejitazama kiooni lini. Ila dumbak langu usiliguse, hapo tutagombana.

Sisi ni wanawake wanne. Noof anapiga fidla, Mastura anaimba, Filomena anapiga sanduku, na mie Kheiria nnapiga ngoma, madumbak mawili, kubwa na dogo, nimeyabana mapajani. Tunakutana kila Ijumaa kwa Noof, mtaa wa Darsait hapa Maskati, juu ya duka la seremala. Seremala huyo ndiye aliyetutengenezea sanduku: mbao, fimbo na uzi mmoja, ukivutwa linanguruma mpaka vikombe vya kahawa vinacheza. Filomena ni mtu wa Bukoba, anafanya kazi saluni Ruwi. Alikuja siku moja kumtengeneza Noof nywele, akatukuta tunapiga, akaweka kitana chini akalishika sanduku. Hajaliachia mpaka leo.

Kidumbak ni ngoma ya harusini kwetu Unguja. Marehemu mama alikuja nayo Maskati, na madumbak haya ni yake, ya udongo, yamewambwa ngozi ya mbuzi. Miaka yote tumepiga majumbani, wanawake kwa wanawake. Msimu wa tamasha ukifika, Januari, watu wote wanamiminika bustani ya Al Amerat, kila wilaya na ngoma yake jukwaani, na sie tunakwenda kula mishkaki na kutazama ya wenzetu. Mwaka huu tumealikwa kupiga. Ratiba imechapwa: "Kidumbak, saa kumi na nusu alasiri." Nilikisoma kikaratasi kile mara tatu, nkakipiga picha, nkampelekea kila mtu mpaka fundi wangu wa AC.

Haya. Wiki moja kabla ya siku yenyewe, Noof akaja na dumbak jipya la chuma, ngozi yake ya plastiki.

"Kheiria, mawingu yanatajwa wiki ijayo. Ngozi yako ikilegea je?"

"Nitaipasha moto, kama siku zote."

"Na wakikukataza moto?"

"Nani wa kunikataza mie? Lirudishe dukani, shoga. Mie sipigi ndoo."

Ndivyo nilivyomjibu, mbele ya Mastura na Filomena. Noof akalifunika dumbak lake, akalirudisha kweli.

Alhamisi ya kupiga ikafika, na manyunyu yakafika nayo. Tangu tunatoka Darsait mpaka tunamaliza mlima kuteremkia Al Amerat, vipangusio vya gari havikupumzika. Tulipofika mvua ilikuwa imekatika, watu wanapangusa viti, watoto wanachezea madimbwi. Nkakaa nyuma ya jukwaa, nkalipiga dumbak kubwa. Pwa! Kama mtu anapiga donge la unga wa chapati. Nkapiga dogo. Pwa!

Sikutishika. Nkatoa seredani yangu, nkamimina mkaa, nkawasha. Haikupita dakika mlinzi huyo, anakuja mbio, kidole juu. Moto hauruhusiwi bustanini, tangazo lile pale.

"Mimi sipiki," nkamwambia. "Nnapasha ngoma."

"Moto ni moto, khala," akanambia, kama mie mama yake mdogo.

Nkambwatukia, wallahi nna haya kusimulia. Yeye hakubishana, akamwita Atheer, msichana msimamizi wa jukwaa letu, spika za masikioni shingoni, macho yamechoka, adabu tele. Atheer akaitazama seredani, akanitazama mie, akaniomba radhi. Sheria haikuwa yake. Mlinzi akaumwagia mkaa wangu maji, tshhh, na mie nnaona.

"Lakini msijali, khala," Atheer akasema. "Ile rekodi mliyotuletea wakati wa kuomba nafasi, tunayo. Tutaifungulia kwenye spika, nyinyi mtachezesha mikono tu. Hakuna atakayejua."

Hakuna atakayejua! Na mie je? Miaka arubaini nnapiga dumbak, na siku ya kwanza jina la ngoma ya mama limechapwa mbele ya nchi, nikae jukwaani nipapase hewa? Lakini rekodi ikikataliwa, na ngozi imelegea, basi nafasi yetu inakwenda kwa wengine, na mwakani nani atatuita tena? Zilibaki dakika arubaini. Nilitaka kulia, na sababu ya kulia ilikuwa mie mwenyewe. Nkamtazama Noof, nkingoja aseme, "Nilikwambia." Hakusema. Laiti angesema.

Mastura akanong'ona, "Labda tukubali tu. Watu washaanza kukaa."

"Jamani, mimi hapana," Filomena akasema. Alikuwa amelikumbatia sanduku. "Da Kheiria, nimeomba ruhusa kazini wiki nzima nikinuniwa. Sikuja hapa kuigiza."

Noof alikuwa anatazama ng'ambo ya njia. Palikuwa na safu ya mabanda ya kina mama wanaouza ubani na manukato, na mbele ya kila banda chetezo kinafuka moshi. Akamgeukia mlinzi, sauti tamu kama anamposea mwanawe mke.

"Baba, kwani vile vina nini ndani?"

"Ubani."

"Na chini ya ubani?"

Mlinzi akasita. "Mkaa. Lakini wale wanafukiza, si moto."

"Ahaa. Basi na sie tutafukiza." Akamgeukia Atheer. "Binti yangu, kufukiza kumekatazwa?"

Atheer akauma mdomo, nkaona anazuia kucheka. "Kufukiza hakukatazwi. Nguo, nywele, nyumba, watu wanafukiza kila kitu."

"Na dumbak?"

"Sijaona karatasi inayokataza kufukiza dumbak," Atheer akasema, akamwita mlinzi wakaenda kukagua nyaya.

Noof huyoo, mbio na abaya lake mpaka mabandani. Sijui aliwaambia nini. Nilichokiona ni kina mama wanakuja mmoja mmoja na vyetezo mikononi, sita kwa jumla. Mmoja bibi wa Dhofar, kajifunika uso, yanaonekana macho tu, akaweka chake kikubwa mbele yangu, akaongeza na kipande cha ubani juu bila ya kuulizwa. Moshi ukatuzinga mpaka tukakohoa.

"Ubani wote huu," Mastura akasema, "watu watadhani tunawaaga."

Nkalipindua dumbak kubwa, uso chini, nkalizungusha juu ya joto. Kazi hii haina pupa. Ukiliweka mbali, ngozi haikazi. Ukilisogeza karibu mno, inapasuka, na hii ngozi aliiwamba mama kwa mkono wake, sina nyengine. Nkagonga kwa ukucha. Pwa. Nkahamia chetezo cha pili. Noof kachukua dogo, analizungusha kama nilivyokuwa nikifanya mie, kumbe miaka yote alikuwa akinitazama. Nkagonga. Po. Chetezo cha tatu, cha nne. Jasho linanitoka na baridi ile. Jukwaani wanalitaja jina letu. Nkagonga tena.

Ti!

Filomena akapiga kelele kama timu yake imefunga bao. Nkampokonya Noof dogo, nalo likalia. Mkono wake nkaubana kidogo.

"Noof, nisamehe. Mie na mdomo wangu."

"Panda jukwaani we," akanambia. "Utaomba radhi ngozi ikipoa?"

Tukapanda. Fundi wa spika alikuwa keshaweka kidole kwenye mashine, tayari kufungulia rekodi. Nkamwangalia, nkatikisa kichwa, nkaangusha mkono.

Lo! Sauti ilikwenda mpaka kwenye milima ikarudi. Fidla ikaingia, sanduku likanguruma, Mastura akafungua koo. Kila nikipiga, ubani ulitoka kwenye ngozi ukanipanda puani. Kina mama wa Al Amerat wakasimama, wale wenye asili ya Unguja tunaokutana nao harusini, vigelegele huku na huku, wamewashika watoto wao wanawaonesha: ile, ile ngoma ya bibi yako. Wanaume nao wakapiga makofi. Yule mlinzi, nilimwona kwa jicho langu, bega linamcheza. Na mie nilijiona mkubwa, sitaki kuficha. Nilitamani mama angekuwepo aone jina lake halikuchezewa.

Dakika zetu ishirini zikaisha. Nkamtazama Atheer atupe ishara ya kushuka. Akanyanyua kidole kimoja: wimbo mwengine. Tukapiga. Akanyanyua tena.

Kwetu, chetezo kikishazunguka, mgeni anajua wakati wa kuaga umefika, anavaa viatu vyake. Siku ile vyetezo sita vilizunguka kabla hatujapiga hata pigo moja, na mpaka inaadhiniwa Magharibi hakuondoka mtu.