Moto wa Mjomba Gauthier

Ulipofika mwezi wa nne bila masomo, Fifi alikuwa amekwisha kupima joto la kila kitu chenye paji la uso pale nyumbani, na vingine visivyokuwa nalo. Mbuzi wa jirani: trente-neuf, thelathini na tisa. Parachichi: mashine ilikataa kutaja hesabu, ikaandika «Lo», na Fifi akakubali kwamba imeshangaa.

Kipimajoto chenyewe kilikuwa kidogo, cheupe, chenye umbo la bastola. Baba yake, Kamate, alikileta kutoka Butembo mwaka ule wa barakoa, akakiweka mezani na kutoa maelezo kwa sauti ya askofu. Kikivishwa kifuniko hupima paji la uso. Kikivuliwa hupima sikio. Mtu aliyetoka juani au jikoni angoje kwanza robo saa. Jasho lipanguswe. Sasa masista wa internati, shule yake ya bweni, walikuwa wamewarudisha wanafunzi wote makwao kwa sababu ya milio ya risasi, kwa hiyo Fifi, msichana wa miaka kumi na mitano asiye na kazi, alijiteua kuwa médecin-chef, daktari mkuu wa nyumba.

Wote walikubali kupimwa isipokuwa Koko Anastasie, mama wa mama yake, aliyekimbia vita kutoka kijijini Bule miezi minane nyuma.

“Ile kitu yako isiniangalie ku kichwa, mutoto,” alisema. “Ingine ilishaniangaliaka kule Bule.”

Hakuna aliyemwuliza zaidi. Miezi minane yote Koko alilala na viatu vyake vya plastiki miguuni, vimefungwa kwa kamba, mafundo mawili kila kimoja. Jumatatu ya wiki hiyo ndipo alipovivua mara ya kwanza na kuviweka kando ya mkeka. Mama Agathe, binti yake, alivipita mara tatu bila kuvigusa, kama mtu anayempita ndege aliyetua mezani.

Alhamisi hakuna aliyekaa. Pikipiki zilipita zikitoka upande wa Djugu, kwenye mapigano, zimebeba magodoro. Mama Agathe alifagia uwanja, akamaliza, akaanza upya. Fifi aliketi, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi. Mtu mmoja tu alikuwa ametulia, naye ni Mjomba Gauthier, kaka wa mama yake, mwoga mkubwa wa magonjwa, aliyelala kwenye kiti kirefu kinywa wazi. Utulivu wa namna hiyo, Fifi aliona, ulikuwa dharau kwa mtaa mzima wa Lumumba.

Akachovya kitambaa katika maji ya chai, akakikamua, akakilaza pole pole juu ya paji la uso la mjomba. Akahesabu hadi sitini. Akakiondoa, akapangusa, maana sheria ni sheria, akabonyeza. Mashine ikalia, kioo kikawa chekundu: quarante virgule un, arobaini nukta moja.

“Mujomba iko na moto!” alipaza sauti yake yote ya kwaya. “Moto! Moto!”

Gauthier aliruka kitini. “Wapi? Miye? Ngapi?”

“Quarante!”

“Yesu! Agathe, nakufa! Ita muganga! Lete kitenge unifunike. Hapana, nifunue!”

Mama Agathe alicheka hadi akaegemea ufagio. Halafu akageuza kichwa kusikiliza. Kutoka nyuma ya nyumba, Koko alipokuwa akichambua maharage, hakukusikika hata neno.

Homa, hapo Bunia walipoishi, huitwa moto. Nyumba inayoteketea nayo huitwa moto. Kila mtu husikia neno hilo kwa sikio alilokuja nalo.

Walipokimbilia nyuma, sinia lilikuwa limepinduka, maharage yametapakaa hadi kwenye jiko la babula, makaa yakiwaka bila mlinzi. Koko hayupo. Héritier, mdogo wake Fifi wa mwaka mmoja, hayupo. Ua wa mianzi ulikuwa umepanuliwa tundu. Kule Bule, waliotokea mlangoni walikutana na waliokuja kuchoma. Kando ya mkeka vilibaki vile viatu.

Fifi alivikamata, akapita tundu hilo mbio, kipimajoto bado mkononi. Kwenye njia ya pili alikuta watu wakikimbia: wanawake wanne, mmoja na sufuria ya fufu kichwani, na mwanamume mwenye godoro.

“Mutoto, usisimame!” yule wa sufuria alimwambia. “Kule nyuma kuko moto!”

“Moto gani, mama?”

“Sijue. Uliza ule muzee wa mbele.”

Wa mbele alikuwa Koko, peku, mtoto mgongoni, kisigino kikitoka damu.

“Koko, simama! Moto ni ya Mujomba! Ni homa! Na homa yenyewe ni ya uongo, ni miye niliitengeneza!”

Wote wakasimama.

“Yaani,” alisema mwanamume kwa utaratibu, “nimebeba matela juu ya homa ya Gauthier?”

Wanawake wakaanza kucheka, kicheko cha watu waliochoka, kisha wakaanza kumtukana Fifi. Alikuwa akimtazama Koko, ambaye hakucheka wala hakutukana. Koko aliketi juu ya jiwe kando ya njia.

“Nilisikia moto,” alisema.

“Ndiyo, Koko. Nilisema moto.”

Héritier, aliyefurahia safari, alipiga mgongo wa bibi yake aendelee. Koko akanyoosha kidole kwenye kipimajoto.

“Ku kichwa, hapana. Pima masikio. Yenyewe ndiyo ilinidanganya.”

“Umekimbia ku jua, Koko. Inafaa tungoje robo saa.”

“Tungoje basi.”

Wakangoja. Watu walitawanyika, godoro likarudi lilikotoka. Kila pikipiki iliyopita, bega la Koko liliruka, na la Fifi likaruka pamoja nalo. Mwishowe Fifi alivuta sikio la bibi yake juu kidogo na nyuma, akabonyeza. «Lo.»

“Inasema nini?”

“Imeshangaa, Koko.” Kisha akaona: alikuwa amesahau kuvua kifuniko. Akakivua, akarudia. “Trente-six virgule huit.”

“Ni muzuri?”

“Muzuri sana. Masikio yako iko muzima.”

“Ni kinywa yako ndiyo mugonjwa,” Koko akasema, akanyoosha mkono apewe viatu. Akafunga kamba: mafundo mawili, na mawili.

Nyumbani, Mama Agathe aliviona viatu miguuni mwa mama yake, akamnyang'anya Fifi mashine. Koko aliketi kwenye mkeka wake. Baada ya muda mrefu aliinama, akafungua fundo moja la kiatu cha kushoto, akaishia hapo. Fifi alikuwa chini akiokota maharage, moja moja. Kila pikipiki ilipopita, aliinua macho kuitazama ile kamba.