Sauti Iliyokubaliana na Asilimia

Luqman, mwandishi wa redio, alirekodi watu saba mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha maboti, akarusha hewani mmoja. Sita walisema hawana kazi. Wa saba, Erasto, alisema anayo, na ndiye aliyesikika Kigoma nzima.

Ziwa lilikuwa limefungwa kwa uvuvi, huu ukiwa mwezi wa pili mfululizo, ili samaki wazaliane. Maboti yalilala kifudifudi mchangani, na wavuvi waliozoea kulala mchana kwa uchovu sasa walilala kwa kukosa la kufanya. Luqman alipomnyooshea Erasto kinasa sauti, alimwona Mzee Thobias amesimama nyuma yake. Alikuwa baba mkwe wa Erasto, ameshuka asubuhi hiyo kutoka Simbo kutazama binti yake Veneranda anavyoishi.

"Kazi unayo?"

Erasto alimtupia mkwewe jicho. "Ipo. Mkono unaenda kinywani, tunamshukuru Mungu."

Waliokuwa wakicheza drafti wakaangua kicheko. "Kazi ya kuhesabu mawimbi hiyo, kaka!"

Mzee Thobias hakucheka.

Luqman alielewa. Mwanamume gani angekiri mbele ya baba mkwe kwamba ameshindwa kumlisha bintiye? Wiki ile ile alikuwa amemnunulia Erasto chai mara tatu.

Kituoni, mhariri wake Scola alikuwa na karatasi ya takwimu mkononi: ukosefu wa ajira umeshuka. Alisikiliza sauti zote.

"Hawa sita wanalalamika tu. Wa mwisho ndiye anakwenda na habari."

"Dada Scola, yule alikuwa anaficha aibu mbele ya mkwewe."

"Kasema, hakusema?"

"Kasema."

"Basi hatujamsingizia."

Angeweza kubisha. Lakini mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, naye hakutaka kuwa mmoja wa watu wa ile karatasi. Akakata, akaunganisha, akasoma asilimia kwa sauti yake nzuri. Baadaye alitafuta uongo wake uko wapi asiuone, na kutouona huko ndiko kulikomnyima raha.

Wiki iliyofuata mtendaji wa kata aliandikisha vibarua wa barabara, wasio na kazi tu. Erasto aliwahi foleni.

"Wewe?" mtendaji akashangaa. "Si tumekusikia redioni? Waachie wenzako."

Nyuma yake mtu akaigiza: "Mkono unaenda kinywani!"

Erasto akaenda moja kwa moja kwa Luqman. "Ndugu yangu, rudi hewani useme sina."

Luqman akaahidi. Scola akamjibu kwamba habari imeshapita, na Luqman hakuuliza mara ya pili. Erasto akapanda boti ya mizigo hadi Kagunga, akavuka mpaka kuingia Burundi. Hakuna aliyemsikia tena.

Siku Mzee Thobias alipokuja kumchukua binti yake, Luqman alikwenda kusaidia kupakia vitu garini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Si wewe wa redio?"

"Ni mimi."

"Siku ile mwaloni sikumwamini mkwe wangu. Nilikuwa nimewawekea magunia mawili ya mahindi. Ulipomtangaza nikaamini, nikayauza." Hakupandisha sauti. "Shika upande huo, godoro lisiburuzike."

Luqman akashika. Vitu vilikuwa vichache: godoro, sufuria tatu, ndoo, begi la shule. Veneranda alikaa mbele bila kumtazama, watoto wawili nyuma. Mkubwa alikuwa darasa la pili. Alikuwa amebakiza wiki tatu afanye mtihani katika shule aliyokuwa akiihama.